Nani Anampima Mchora Nyusi?

Pita Tandika, Mtoni au Mbagala Rangi Tatu upande wa Temeke, kisha vuka jiji uje Mwananyamala, Tandale na Tegeta upande wa Kinondoni. Utaona mabango ya saluni yamebadilika. Kusuka, kucha na kope za kubandika bado vipo, lakini sasa kumeongezeka nyusi za kudumu, midomo ya kudumu na wanja wa kudumu. Bibi harusi mtarajiwa anataka nyusi zake ziwe tayari kabla ya kitchen party. Mfanyakazi wa ofisini anayepanda daladala alfajiri hataki kupoteza dakika kumi mbele ya kioo. Mama aliyepukutika nyusi kwa dawa za saratani anataka kuuona tena uso anaoujua. Mahitaji haya ni ya kweli, na kazi hii inawalisha mabinti wengi. Kwa sababu hiyo ni lazima tuulize swali ambalo mabango hayalijibu: huyu anayeshika sindano, nani amempima?

Tuanze na karatasi, maana wengi hudhani leseni iliyotundikwa ukutani ndiyo jibu. Anayefungua fremu ya saluni Dar es Salaam anahitaji namba ya mlipakodi na uthibitisho wa kodi kutoka TRA, kitambulisho cha taifa, mkataba wa pango, kisha leseni ya biashara ya manispaa, ambayo siku hizi huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Akitaka jina la biashara, analisajili BRELA. Msingi wa leseni hiyo ni Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Sehemu ya kazi inatakiwa isajiliwe OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na afisa afya ana mamlaka ya kukagua usafi chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Bidhaa nazo zina wenyewe: tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, wakati dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, chombo kilichochukua nafasi ya TFDA.

Ukizisoma karatasi zote hizo kwa makini, utaona zinahusu kodi, chumba na chupa. Mkono wa fundi haumo. Leseni ya saluni haimtofautishi msusi wa twende kilioni na mtu anayechoma uso kwa sindano. Daktari ana Baraza la Madaktari la Tanganyika, muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia ana Baraza la Famasi. Mchora nyusi hana baraza linalomsajili, linalomhoji, wala linaloweza kumsimamisha akimuumiza mtu. Julai 2025 serikali ilipotangaza biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya, saluni zilikuwemo, isipokuwa zilizo hotelini au zinazohudumia watalii. Kwa hiyo uraia wa mwenye saluni umeshawekewa sheria. Ujuzi wake bado.

Ili kuona kwa nini pengo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, inabidi tuingie ndani ya ngozi kidogo. Tabaka la juu la ngozi ya uso ni jembamba mno, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwenye kope ni jembamba zaidi. Tabaka hilo hujibadilisha lote kwa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Rangi ikiishia hapo, itatoka pamoja na magamba ya ngozi na mteja atarudi akilalamika. Ili idumu, ni lazima ifike sehemu ya juu ya tabaka la pili, ambako kuna mishipa ya damu na neva. Huko mwili unaiona rangi kama mgeni. Seli za ulinzi zinaimeza, zinashindwa kuiyeyusha, zinabaki nayo. Utafiti wa panya uliochapishwa 2018 na wanasayansi wa Marseille, Ufaransa, ulionyesha kwamba seli iliyobeba rangi ikifa, rangi humwagika na kumezwa na seli nyingine mpya iliyo jirani. Nyusi za kudumu, basi, zinakaa ndani ya mfumo wa kinga wa mwili, na fundi akizama kupita kiasi mchoro unasambaa, unageuka kijivu au bluu, na kovu linabaki.

Nusu ya milimita inatenganisha kazi nzuri na kazi mbaya. Hakuna anayeipata nusu hiyo kwa kutazama video.

Hata hivyo kina cha sindano ndicho kinachofundishwa zaidi, kwa kuwa makosa yake yanaonekana kwenye kioo. Ninachokihofia zaidi hakionekani siku hiyo. Kila mahali sindano au kile kisu kidogo cha kuchanjia nyusi, kiitwacho cha maikrobledi, kinapofika tabaka la pili, damu inatoka, hata kama ni tone lisiloonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kukaa juu ya meza, nje ya mwili, kwa siku 7 au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Takwimu za wahudumu wa afya waliochomwa kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mgonjwa zinaonyesha kuwa asiye na chanjo anaweza kuambukizwa homa ya ini B kwa asilimia 6 hadi 30, homa ya ini C kwa asilimia 2 hivi, na VVU kwa asilimia 0.3. Watu wazima wa Dar es Salaam wanakumbuka kampeni za UKIMWI zilizotuonya kuhusu wembe wa kuchangia na chale za waganga. Tulielewa, tukaacha. Kisu cha maikrobledi kinafanya kazi ileile ya wembe wa chale, katika chumba chenye kiyoyozi na taa nzuri.

Na hatari hii haikuishia kwenye hofu. Aprili 2024, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha taarifa kuhusu spa moja ya Albuquerque, New Mexico, iliyofungwa 2018. Wateja walikuwa wakichomwa usoni kwa sindano ndogondogo na kupakwa sehemu ya damu yao wenyewe ili ngozi ing'ae. Spa ilikuwa ikiendeshwa bila vibali vinavyotakiwa, na wachunguzi walikuta vifaa vya kutumika mara moja vikitumika tena, pamoja na mirija ya damu isiyo na majina. Wanawake kadhaa waliambukizwa VVU humo, akiwemo aliyekuwa hana sababu nyingine yoyote ya kuambukizwa. Huduma hiyo na kuchora nyusi ni tofauti, lakini njia ya damu ni moja.

Sasa mafunzo. Nchini, mafunzo ya ufundi yanasimamiwa na VETA chini ya sheria ya 1994, na fani ya ususi na urembo imo, kwa ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Huo ni msingi mzuri: mwanafunzi anajifunza usafi, ngozi na nywele, huduma kwa mteja, na anapimwa kwa vitendo. Fundi aliyejifunzia kwa dada yake saluni naye anaweza kupimwa na VETA kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, njia ambayo mafundi ujenzi, makanika na wapishi wengi wameitumia. Lakini kuingiza rangi ndani ya ngozi ni kazi inayozidi upeo wa cheti cha urembo, na ndipo zinapoingia kozi za siku mbili tatu zinazotangazwa mitandaoni. Mwanafunzi analipa, anachora kwenye ngozi ya bandia, anachora mteja mmoja, anapigwa picha na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Cheti hicho ni shukrani ya mwalimu kwa mwanafunzi. Hakimpi mtu mamlaka ya kutoboa uso wa mwenzake.

Jambo linalonisumbua zaidi kuhusu kozi hizi ni kwamba masomo yake yameandikwa kwa ajili ya ngozi za watu wengine. Mkufunzi anarudia alichofundishwa Dubai au Istanbul, na maswali ambayo mteja wa Buza au Kijitonyama anapaswa kuulizwa hayamo. Niyataje yale ambayo mtihani wowote wa hapa ungepaswa kuanza nayo.

La kwanza ni mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zimekuwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo sheria zetu zimevikataza katika vipodozi. Steroidi ikipakwa miezi na miaka inakonda ngozi: inakuwa kama karatasi, inavuja damu upesi, inapona kwa shida. Kina kinachofaa kwa ngozi ya kawaida kitaichana ngozi hiyo. Wateja wengi hawatasema kwamba wanajichubua, wataona aibu. Fundi aliyefunzwa ataangalia vifundo vya vidole na masikio, atauliza kwa upole wakiwa wawili, na akithibitisha atamwomba aache mkorogo na amwone daktari wa ngozi kwanza. Kumrudisha mteja mwenye pesa mkononi ni ujuzi, na unafundishika.

La pili ni piko. Pwani yetu yote, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wanawake wanachorwa maua ya hina kwa harusi na Idi, na wengi wanachanganya au kutumia piko peke yake ili mchoro uwe mweusi. Weusi ule unatokana na kemikali ya dawa za kupaka nywele iitwayo PPD, ambayo haikukusudiwa kukaa juu ya ngozi. Mtu anaweza kuitumia mara nyingi bila tatizo, kisha siku moja mwili ukaikataa: malengelenge, mwasho, kovu lenye umbo la ua. Baada ya hapo mzio huo ni wa maisha, na unaweza kuvuta na vitu vingine vyenye kemikali za ukoo mmoja, zikiwemo baadhi ya dawa za ganzi kama benzokaini. Hebu fikiria mteja aliyevimba mikono kwa piko miaka mitano iliyopita, sasa amelala kitandani na nyusi zake zimepakwa krimu ya ganzi ya kopo lisilo na maelezo. Swali moja tu, "Umewahi kuvimba kwa piko?", lingemwokoa. Krimu ya ganzi ni dawa, na dawa iliyosajiliwa TMDA ina jina la kiambato na kiwango chake. Kopo lisilo na hayo halipaswi kufunguliwa.

La tatu ni keloidi, yale makovu yanayovimba na kuendelea kukua kupita jeraha lenyewe. Watu wenye ngozi nyeusi tunayapata zaidi. Kwa kawaida hutokea kifuani, mabegani na masikioni kuliko kwenye nyusi, lakini mwili uliokwisha kuonyesha tabia hiyo haupaswi kuchokozwa usoni kwa ajili ya urembo. Dalili zake ziko wazi kwa anayejua kutazama: kovu la chanjo ya BCG begani, tundu la hereni, mshono wa uzazi. Na hata asiye na keloidi, ngozi nyeusi ikijeruhiwa huacha weusi kwa miezi, ndiyo maana rangi ya kahawia iliyochaguliwa kwa kuangalia picha za Wazungu hutoa matokeo tofauti kabisa hapa.

Mengine niyapitie haraka. Mwenye vidonda vya homa mdomoni anaweza kuamshiwa virusi vyake akichorwa midomo, hivyo aanze kwa daktari. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetumia dawa za kuyeyusha damu na mjamzito wasubiri. Aliye chini ya miaka 18 asiguswe. Bibi harusi asichorwe wiki ya sendofu, kwa kuwa kupona kunachukua wiki nne hadi sita na rangi ya mwisho huonekana baada ya hapo. Na yeyote ajue kwamba kufuta kwa leza hakuna uhakika: rangi zenye oksidi ya chuma au titani zinaweza kugeuka nyeusi ghafla zikipigwa mwanga huo. Kati ya 2003 na 2004, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipokea zaidi ya malalamiko 150 kuhusu rangi za kampuni moja tu ya huko, yakiwemo ya kuvimba na makovu. Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2022, umewekea mipaka maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu na urembo wa kudumu. Wino usiokubalika huko hutafuta soko kwingine, na Kariakoo ni soko.

Upande wa usafi hauhitaji mitambo ya hospitali, ila unahitaji nidhamu. Sindano na visu ni vya mtu mmoja, mara moja, na pakiti ifunguliwe mbele ya mteja. Rangi imiminwe kwenye kikombe kidogo cha kutupwa, ikibaki, imwagwe. Kifaa kinachorudiwa kisafishwe kwa joto la mvuke wenye shinikizo, nyuzijoto 121 kwa dakika 15. Kabati la taa ya bluu linalopendwa saluni haliui vimelea vyote, na kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Damu iliyomwagika ifutwe kwa klorini ya asilimia 0.5, yaani kipimo 1 cha Jik ya asilimia 3.5 kwa vipimo 6 vya maji. Fundi mwenyewe apate chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu ndani ya miezi sita, kwa kuwa watu wazima wengi walizaliwa kabla chanjo hiyo haijaanza kutolewa kwa watoto nchini. Akijichoma kwa sindano iliyotumika, aoshe kwa maji na sabuni na awahi Mwananyamala au Temeke, hospitali za rufaa za mkoa, kabla saa 72 hazijapita, ili apewe dawa za kuzuia VVU.

Sindano zilizokwisha kutumika zinakwenda wapi? Zikitupwa kwenye mfuko wa rambo, zinapitia mikononi mwa vijana wazoa taka, kisha kwa waokota chupa kule dampo la Pugu Kinyamwezi. Hawa hawakuomba nyusi za mtu. Kisanduku kigumu cha sindano na makubaliano na kituo cha afya chenye tanuri vingekuwa sharti la kwanza kabisa.

Wenzetu wamefikaje? Uingereza haikusubiri baraza la taifa. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ilizipa halmashauri uwezo wa kusajili wachora tatuu na watoboa masikio, na marekebisho ya 2003 yakaongeza uchoraji wa rangi ya nusu kudumu kwenye ngozi. Anasajiliwa mtu, na linasajiliwa jengo, vyote viwili, kwa sheria ndogo za usafi. Wales imekwenda mbali zaidi: tangu 29 Novemba 2024 kila fundi anatakiwa awe na leseni yake binafsi, na haipati bila kufaulu mafunzo ya kuzuia maambukizi. California, kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2012, inadai fundi awe na umri wa miaka 18, apate mafunzo ya magonjwa ya damu kila mwaka, na aonyeshe chanjo ya homa ya ini B au atie saini kwamba ameikataa kwa hiari. Korea Kusini ilijaribu njia ya kukataza: mwaka 1992 mahakama yake ya juu kabisa ilisema kuchora tatuu ni kazi ya daktari pekee. Mafundi waliendelea kufanya kazi kwa kujificha kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Bunge lilipopitisha sheria ya kuwatambua Septemba 2025. Sioni sababu ya sisi kuirudia safari hiyo. Kuwafukuza mabinti kwenye fremu kutawahamishia vyumbani, kwenye huduma za kumfuata mteja nyumbani, ambako afisa afya hafiki.

Njia ya Uingereza inatufaa kwa sababu tunayo tayari sheria ya kuibeba. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inazipa manispaa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kinondoni na Temeke zinaweza kuanzisha rejista ya wanaotoboa na kuchora ngozi, na kudai mambo machache: cheti cha VETA cha urembo au ujuzi uliorasimishwa, mafunzo mafupi ya kuzuia maambukizi yanayotolewa na ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa, kadi ya chanjo, kisanduku cha sindano, na daftari la wateja lenye namba ya toleo la rangi iliyotumika. Ada iwe ndogo, la sivyo rejista itakuwa ya saluni za Masaki na Oysterbay peke yake. VETA nayo iandike moduli ya kazi hii, yenye mkorogo, piko na keloidi ndani yake.

Mpaka hapo, mteja ndiye mkaguzi. Dada yangu unayetaka nyusi, usianze na picha za kazi za fundi, maana picha nyingi hupigwa siku ileile kabla ngozi haijapona. Omba kuona nyusi zilizokwisha kutimiza mwezi au mwaka. Uliza pakiti ya sindano iko wapi, ifunguliwe ukiwa macho. Uliza jina la rangi na la krimu ya ganzi, uyaandike kwenye simu yako. Msikilize anakuuliza nini: fundi asiyekuuliza chochote kuhusu afya yako hajui anachokigusa, na una haki ya kuinuka kitandani hata kama umeshalipa. Na kwa madiwani wa Kinondoni na Temeke: rasimu ya sheria ndogo ya namna hii haizidi kurasa chache. Ipelekeni kwenye kikao cha baraza mwaka huu.